Mkono wa Kulia Ulikuwa na Damu ya Dani

Nikikumbuka jana masikio yanawaka kwa aibu, na mimi ni mtu ambaye hata kuomba chumvi kwa meza ya wenyewe naogopa.

Dani, nyanya yangu, alipata kiharusi, akapewa vidonge vya kuzuia damu isigande, vikamsaidia vizuri tu, lakini jana fizi zikaanza kutoka damu, leso nzima madoa. Daktari akataka kujua kama damu yake bado inaweza kuganda, kwa hivyo akatoa ya Dani kwa chupa ndogo ya kioo, na yangu kwa nyingine ya kulinganisha, akanishikisha zote.

"Kulia ya nyanya, kushoto yako. Zipate joto la mkono, na usitikise." (Plasta ya kuandikia majina ilikuwa imeisha.)

Nikakaa kama sanamu. Si ndio akina mama wa kanisa wakaingia kumwona mgonjwa, na nyuma yao Ouma, mpiga ngoma wa kwaya, ambaye sijawahi kumwangalia usoni, akanyoosha mkono: "Sasa, Akinyi?" Na utamsalimu mtu kwa kushoto kweli? Nikahamisha chupa ya kulia kwa mkono wa kushoto, nikampa mkono, na nilipotaka kuirudisha, wueh, chupa zilikuwa zinanitazama kama mapacha.

Daktari akarudi, akaziinamisha polepole. Moja imeganda kama uji wa jana, nyingine inateleza kama chai. "Ya nyanya ni gani?" Ningesema sijui, lakini Ouma alikuwa amesimama pale pale, nikaonyesha iliyoganda.

"Basi nyanya yuko sawa, aendelee na vidonge. Kumbe mgonjwa ni wewe!"

"Uwi, mtoto wetu!" Akina mama wakaniwekea mikono kichwani, wakaniombea kwa sauti mpaka wodi nzima ikageuka (Ouma naye amefunga macho!), na hapo katikati nikaona nesi anampa Dani kidonge na maji.

"Asimeze!" nikapiga kelele. "Nilichanganya chupa! Nilikuwa namsalimu Ouma!"

Halafu Dani, na mdomo wake uliopinda, akacheka mpaka fizi zikatoka damu tena. Tukadungwa upya sote wawili, daktari akashika chupa mwenyewe, na ya Dani ndiyo iliyokataa kuganda. Vidonge vikasimamishwa, akachomwa sindano ya vitamini K, na leo leso yake ni safi, ila Dani anamuuliza kila anayeingia, "Wewe ndiye Ouma?"

Nimeapa: nikishika kitu cha daktari tena, hata chifu akininyooshea mkono nitamwitikia kwa kichwa.

Jioni Ouma alikuja, mikono mfukoni. "Akinyi, uko na damu ya mtu, ama nisalimie?"

Nikampa mkono wa kulia. Na safari hii nilimwangalia usoni.