Jenerali Nambari Moja Anaishi Walthamstow

Leo nimetekwa nyara, jamani, na aliyeniteka ni shangazi yangu, hapa kwake Walthamstow.

Tumeshiba pilau lake, wanaume watano sebuleni, tunabishana nani alikuwa jenerali hodari kuliko wote katika historia ya China.

Mimi nikasimama kabisa kumtetea yule aliyepanga jeshi lake likaupa mgongo mto. Askari hawakuwa na pa kukimbilia, wakapigana kufa na kupona, wakashinda!

Shangazi alisikiliza, akatoka.

Tunaaga, viatu vyetu havipo mlangoni. Nje mvua, na soksi yangu ina tundu.

“Nimevifungia chumbani,” akasema. “Mto ndio huo mlango. Adui yuko kwenye sinki.”

Tumesugua masufuria yote.

Orodha yangu ya majenerali imebadilika. Anayebisha aende kwa shangazi, avue viatu mlangoni.