Gari la Mbio Lisilo na Kiti cha Nyuma

Mpaka leo wapo watu katika mtaa wa Bigo wanaosema kwamba binti yangu alipelekwa kanisani ndani ya gari bovu. Hawakuwepo. Gari lile halikuwa bovu hata kidogo. Lilikuwa zima, jipya, na lenye kasi kuliko gari lolote lililowahi kukanyaga udongo wa Ituri. Kasoro yake ilikuwa moja tu, na kasoro hiyo niliitangaza mapema, mbele ya watu, nikachekwa.

Nilikuwa mtumishi wa serikali katika ofisi ya usajili wa magari hapa Bunia, tangu ujana wangu hadi nilipostaafu. Hakuna gari lililopata plaki ya namba hapa bila mimi kulizunguka, kuinama chini yake na kugonga bodi yake kwa kifundo cha kidole. Kwa hiyo ninaposema kwamba magari ya mbio ya aina ile yamefika kwetu kwa vizazi vitatu, sisemi kwa kusikia.

Lile la kizazi cha kwanza lilikuwa jeupe. Lilikuwa mali ya mkurugenzi mmoja wa machimbo ya Kilo, mzungu mwembamba aliyeliendesha akiwa amevaa glavu, na mvua iliponyesha lilivutwa na trekta. Mlio wake ulikuwa na adabu: ulikohoa kwanza ndipo ukanguruma, kama mzee anayeomba nafasi ya kusema. Lilikuwa na viti viwili mbele na, naomba hili lisikike vizuri, benchi nyuma. Benchi nyembamba, sikatai. Lakini niliikalia mimi mwenyewe siku ya ukaguzi, magoti yakiwa masikioni, na sikufa.

La kizazi cha pili lilikuwa la kijani, la mfanyabiashara wa kahawa, enzi za Zaire. Liliongezwa upana na uzito, mlio ukapoteza adabu, lakini benchi ilibaki, tena ikavikwa ngozi. Nilimwona mfanyabiashara yule akiwasafirisha nyuma ya mgongo wake mama mkwe wake, mbuzi wawili na ndoo ya mafuta ya mawese, na mbuzi walionekana kuridhika. Hapo ndipo waundaji wa gari lile walipaswa kuweka kalamu chini na kwenda nyumbani.

Hawakwenda. Gari la kizazi cha tatu, jekundu, lilitufikia wakati wa vita, likishushwa kutoka tumbo la ndege ya mizigo katikati ya magunia ya chumvi, wakati barabara zote zilikuwa zimefungwa na wakimbizi kutoka Djugu walikuwa wanaingia mjini kwa miguu na magodoro kichwani. Aliyelileta alikuwa mfanyabiashara wa dhahabu, mtu mwenye tumbo kubwa na roho nzuri, aliyeliona katika gazeti huko Kampala akaliagiza kama mtu anavyoagiza viatu, bila kujiuliza mguu utakanyaga wapi. Mtaa mzima ulikwenda kulitazama. Nami nilikwenda. Nililizunguka, nikainama, nikagonga. Kisha niliingiza kichwa ndani kutafuta benchi.

Hapakuwa na benchi. Palikuwa na rafu ya kuwekea kofia.

“Kiti cha nyuma kiko wapi?” nilimuuliza.

“Haiko, muzee. Hii ni modeli mupya. Balitosha kiti juu gari ikuwe nyepesi, ikimbie.”

“Kwa hiyo wameondoa watu ili gari liende haraka. Liende haraka kumpeleka nani?”

Watu walicheka, na kwa mshangao wangu hawakumcheka yeye. Fundi mmoja wa matairi alipaza sauti: “Acheni muzee! Anafikiri hii ni basi ya paroisse ya kubeba bakristo!”

Tangu siku hiyo, kila nilipokutana na mwenye gari tulibishana. Yeye alidai kwamba lile jekundu lilifika mwendo wa mia kabla mtu hajamaliza kusema Baba Yetu. Mimi nilimjibu kwamba kutoka mzunguko wa bulvari, barabara yetu kuu, hadi shimo la kwanza hapatoshi hata kusema Amina, na kwamba likifika kwenye shimo hilo abiria wake pekee hulazimika kushuka ili tumbo la gari lisilambe udongo. Wapinzani wa gari lile pia niliwapima kwa haki. Pikapu ya kabini mbili hubeba ukoo mzima, na jeneza ikibidi. Taksi kuukuu hubeba watu saba na haioni aibu. Hata baiskeli huchukua mikungu ya ndizi mpaka mpandaji haonekani. Kwa kipimo cha utumishi, gari lile lilishika nafasi ya mwisho, nyuma ya kigari cha mkono.

Kisha vita vikaleta kipimo chao. Wapiganaji walioushika mji, ambao walibadilika mara nyingi kuliko vitambaa vya altareni, walichukua kila gari lenye faida. Pikapu zilikwenda. Taksi zilikwenda. Hata lile la kijani, lililokuwa limelala miaka mingi chini ya turubai, liliamshwa, wakapandishwa wapiganaji wanne, wawili mbele na wawili kwenye benchi, likapotelea upande wa vita. Lile jekundu walilijia mara kadhaa. Kila mara kamanda aliketi, akageuka kuwaonyesha watu wake mahali pa kukaa, akakuta rafu ya kofia. Bunduki yake haikupata pa kulala. Alitoka akijikuna kichwa na kwenda zake. Hivyo gari lisilofaa kitu likabaki kuwa gari pekee la Bigo, na mwenyewe akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Katika hali hiyo binti yangu alichumbiwa, na mchumba alikuwa mtoto wa ndugu yake huyo mwenye gari.

Siku ya mazungumzo ya mahari, dada yangu mkubwa, shangazi wa bibi arusi, alisimama mbele ya koo zote mbili. Ni mwanamke mwenye mwili wa heshima na sauti inayolingana nao.

“Mutoto wetu hataenda kuolewa kwa miguu sawa mukimbizi,” alisema. “Batu bametembea ya kutosha. Ataenda na gari. Na mi nitamushika mukono kutoka mulango ya baba yake mpaka mulango ya kanisa, vile bibi zetu balifanyaka. Kama haiko vile, ninarudi naye nyumbani.”

Hakuna aliyecheka. Ndani ya nyumba ile palikuwa na watu waliotoka mashambani kwao wakikimbia, na walielewa kwa nini hakutaka mtoto aanze ndoa yake kwa mwendo ule. Upande wa mume ulikubali papo hapo. Mimi niliinua mkono nikaanza: “Kuhusu kiti cha nyuma…”

“Muzee ameanza tena,” mtu alinong’ona, na maji ya kunywa yakapitishwa.

Arusi iliangukia Jumamosi tulivu, isiyo na mlio wowote wa risasi. Padri alikuwa ametuonya kwamba alasiri atafunga kanisa, kwa kuwa jua likizama hakuna aliyeruhusiwa kuwa njiani. Gari liliingia uani kwetu likiwa limeoshwa na kufungwa riboni. Mwenyewe aliketi kwenye usukani. Binti yangu alitoka na gauni lake akikanyaga vitenge vilivyotandikwa uani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa shangazi yake.

“Fungua nyuma,” dada yangu aliamuru.

“Nyuma haiko, mama.”

“Namna gani haiko? Kila kitu iko na nyuma. Ata kuku!”

Tulijaribu. Shangazi aliingizwa upande wa rafu ya kofia, likaingia bega moja. Bibi arusi alikalishwa mapajani mwake kwenye kiti cha abiria, na gauni likajaa mbele ya kioo mpaka dereva akawa anaongea kutoka ndani ya wingu. Mwenye gari alipendekeza safari mbili.

“Mukono haiendaka safari mbili,” dada yangu alijibu.

“Basi mama, siye tufanye nini?”

“Weye shuka. Mi nitaendesha.”

Alilia kama mtu aliyechomwa, akiukumbatia usukani. “Ata bibi yangu hajagusa hii volani! Hapana! Mama, utaniulia gari!”

Dada yangu hakubishana. Aligeuza mgongo, akamvuta mtoto taratibu kuelekea mlango wa nyumba. Watu wa upande wa mume walianza kunung’unika. Binti yangu alinigeukia, akasema neno moja tu: “Papa.”

Naomba ijulikane kwamba aliyepata njia ni mimi, ingawa fundi wa matairi anajisifia hadi leo. Nilisogea, nikakohoa, nikasema: “Gari lililozimwa halina haja ya dereva. Kisheria ni kigari. Bwana aache ufunguo mahali pake usukani usijifunge, ashuke, dada yangu aketi mahali pake ashike usukani kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono wa pili, na sisi tusukume.”

Baba wa bwana arusi alilitazama jua. Kisha makoti yakavuliwa.

Hivyo ndivyo gari lenye kasi kuliko yote katika Ituri lilivyotoka Bigo. Baba mkwe alisukuma upande mmoja, mimi upande wa pili, na wajomba katikati. Mwenye gari alitembea kando ya dirisha, jasho likimtoka kuliko sisi.

“Kulia, mama! Kulia! Kuna shimo!”

“Wacha makelele. Naongozaka ngombe tangu weye ungali tumboni.”

Baiskeli yenye mikungu ya ndizi ilitupita kwenye bulvari. Mpandaji alipiga kengele ili tumpishe. Mwenye gari alifunga macho.

Mbele kidogo palikuwa na kizuizi cha kamba, na wapiganaji wakiwa wamekaa kwenye kreti za bia tupu. Mkubwa wao alisimama.

“Muzee, hii gari iko na pane, imeharibika?”

“Haina pane,” nilimjibu nikihema. “Ina shangazi.”

“Kama haina pane, kwa nini hamuiwashi?”

Swali lilikuwa halali, na mtu akiniuliza swali halali hupata jibu kamili. Nilianza na lile jeupe la mkurugenzi. Nilipofika kwenye mbuzi wa mfanyabiashara wa kahawa aliinua mikono yote miwili.

“Muzee, tafadhali, pita. Kichwa inaniuma.”

“Hapana, hatupiti hivihivi,” dada yangu alisema kutoka ndani. “Mwanangu, unaona babu zako banakufa kwa jua, na weye umesimama tu? Weka bunduki pembeni. Sukuma.”

Sijui ni kipi katika sauti ile kilichomfanya atii. Nadhani hata yeye alikuwa na shangazi mahali fulani. Alimpa mwenzake bunduki, akawaita wawili wengine, na kwa nguvu za vijana wale gari likaanza kwenda kwa mwendo ambao, ningekuwa bado ofisini, ningeuita wa kawaida.

Tatizo ni kwamba mbele ya kanisa pana mteremko. Wapiganaji hawakujua hivyo, au walijua na wakafurahi. Tulihisi gari linatutoka mikononi. Mwenye gari alikimbia akipiga kelele: “Freni, mama! Freni! Mukono mumoja hautoshi, mwache mutoto!” Na dada yangu, ambaye hakujua freni ni kitu gani, alimjibu kwa sauti iliyofika mpaka altareni: “Simwachi!” Padri alitoka mlangoni, akaona, akarudi ndani. Lile jekundu liliteremka likipepesa riboni, sisi sote nyuma yake tukikimbia, likakata kona nzuri ajabu, likaingia kwa upole kwenye lundo la mchanga wa ujenzi kando ya ngazi za kanisa, na kutulia hapo.

Nilifika wa kwanza kwenye mlango wa gari. Mkono wa binti yangu ulikuwa bado ndani ya mkono wa shangazi yake, vidole vikiwa vimebanwa mpaka vimegeuka rangi. Niliwashusha pamoja moja kwa moja kwenye ngazi, bila kuwaachanisha. Walipanda ngazi, na mlangoni dada yangu alifungua vidole kimoja kimoja, akaupeleka mkono ule kwa kijana aliyekuwa akingoja, akasema, “Huyu.”

Sisi tuliosukuma tulikuwa wekundu kwa vumbi hadi magotini, na wapiganaji walikuwa wekundu pamoja nasi. Binti yangu aliinua gauni kidogo ili avuke kizingiti, na sote tuliviona viatu vyake. Vilikuwa vyeupe, hata soli.