Mzee Asajile, jicho lake na parachichi

"Jicho langu la kushoto halioni tangu utotoni." Ametamka hivyo leo Mzee Asajile, nyumbani kwake Ibighi. Alikuwa kipa wa timu ya kiwanda cha chai miaka ile kiwanda kinabinafsishwa.

Kamati ya michezo inataka kombe la kata liitwe kwa jina lake. Wanaopinga wanasema alikuwa mshirikina: kila timu iliposhambuliwa aligusa nguzo ya goli, kisha mpira unamfuata mikononi. Hakuwa na mbwembwe za kuruka. Timu ya mkoa haikuwahi kumwita.

"Nilikuwa natafuta nguzo ilipo," akasema. "Jicho moja, na ukungu wetu huu!"

Nikamuuliza: mbona hukusema siku zote hizo?

"Niseme, wote wapige kushoto? Kazi kiwandani niliipata kwa kudaka, mwandishi. Waliogopa dawa, nikawaacha waogope."

Jibu zuri. Kwangu mimi, zuri mno.

Mwenyekiti wa kamati, niliyekuja naye, pia hakuridhika. Akachukua parachichi mezani, akalirusha ghafla kushoto kwa mzee.

Mzee akalidaka. Kwa mkono mmoja.

Mkewe akaangua kicheko. "Baba Tumaini, umejimaliza mwenyewe!"

"Parachichi sijaliona," mzee akamwambia mwenyekiti. "Nimeangalia bega lako. Washambuliaji nao niliwasoma hivyo hivyo."

Bado sijaamua. Mliomwona akidaka, semeni hapa chini.

Jumatano anapimwa macho hospitali. Alhamisi kamati inapiga kura.