Mtumbwi wa Kumvusha Mama

Tangu mtumbwi uzame na mdogo wangu afe maji, mama hakupanda tena mtumbwi. Akabaki kisiwani Rukuba, katikati ya ziwa, na aliyemtaka alimfuata huko. Kisha dada yake mkubwa akaugua sana huko Bunda, ng'ambo, akawa anamwita kwa simu. Mama alilia, lakini kuvuka akakataa.

"Niletee mtumbwi usiozama," aliniambia. "Ukiupata, naenda."

Mimi ni mtu wa kujua kabla ya kuuliza. Nilizunguka maduka ya Mwisenge, ng'ambo ninakoishi, nikiomba lile povu gumu jeupe linalokuja kwenye maboksi ya friji na televisheni. Nikalikata kwa kisu cha mkate, nikalizungushia nailoni, nikalibana lote sakafuni mwa mtumbwi wangu mdogo, chini ya mbao za kukanyagia. Nikaenda Rukuba kifua mbele.

Mama hakusifu kitu. "Ujaze maji kwanza, nione."

Kuzamisha mtumbwi wako mwenyewe, makusudi, mbele ya wavuvi! Walicheka mpaka wakaacha nyavu. Niling'oa injini, nikamimina maji ndoo baada ya ndoo. Mtumbwi ulijaa, ukayumba, ukapinduka tumbo juu, nami nikaenda nao. Kuzama haukuzama, hilo ni kweli.

"Hilo povu linapandaga juu siku zote, baba," mama alisema. "Umelifungia chini, lisiupindue kwa nini?"

Nilikasirika, hasa kwa kuwa alikuwa amesema kweli.

Nikabandua yote. Safari hii nililibana ubavuni kwa ndani, kulia na kushoto, karibu kabisa na ukingo, na lililobaki nikalisokomeza chini ya viti. Nikajaza maji tena. Mtumbwi ulishuka hadi ukingo ukakaribiana na ziwa, ukatulia hapo.

Sijasema neno, mama akawa ameshaingia majini na kitenge chake. Alinishika bega, akapanda, akaketi katikati, maji yakimfika kiunoni. Akajitupa kulia, akajitupa kushoto, kwa nguvu zake zote. Mtumbwi uliyumba, ukarudi.

Kesho yake tulivuka, na mama mkubwa tulimkuta hai. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni mama akiwa ameketi mle ndani ya maji, anapapasa ukingo kwa viganja.

"Kumbe mdogo wako angekaa tu hivi," alisema, "akangoja watu."

Nilipanda nikaketi karibu naye, tukalia, na mtumbwi ukatubeba wote wawili.