Kuku Aliyekataa Kushuka

Miaka ile ya kwanza ya amani, mji wetu wa Bunia ulilala na viatu karibu na mlango. Mtaani kwetu Mudzipela, moto, yaani pikipiki, ikipita kwa kasi baada ya jua kuzama, maongezi yalikatika mpaka mlio wake upotee. Lakini sombe, yale majani ya muhogo, na samaki vilikuwa vimerudi sokoni, watu walicheka tena, na mama alikuwa amenipatia nafasi kwenye interna ya masista, shule ambayo watoto hulala hukohuko. Nilikuwa darasa la tano, na hamu ya shule ile iliniuma hasa. Kizuizi kilikuwa kimoja: bado nilikuwa nakojoa kitandani. Masista walikuwa wamesema wazi kwamba mtoto wa kulowesha matela ya kulalia atarudishwa kwao.

Ninyi mliokua mkiamka wakavu hamjui kitu. Watoto wa jirani waliniimbia kikojozi, nami niliwarushia mawe, na mkono wangu haukuwa wa kukosa. Shangazi aliyekaa nasi akaninyima maji tangu saa kumi ya jioni. Nililala na kiu, nikaamka nimelowa vilevile. Maji yale yalitoka wapi, aje anieleze.

Ndipo mama akasikia kuwa kituo kimoja cha afya, huko Ngezi, kimeletewa mashine ya watoto kama mimi. Tukapanda moto, miye katikati, mama nyuma na kitenge chake cha misa. Aliyetupokea alikuwa kine, yaani mganga wa mazoezi ya mwili, dada mmoja wa sauti ya polepole. Akanibandika vipande vyenye waya tumboni na chini karibu na makalio. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Kwenye ekra, kioo cha mashine, akatokea kuku. Kine akaeleza: ukikaza pale pa kuzuia mkojo, kuku anapanda juu ya paa, ukilegeza, anashuka kula mahindi.

"Kaza, mutoto wangu," mama akasema, hata kabla ya kuambiwa.

Nikakaza. Kuku akaruka mpaka juu, mama akapiga makofi.

"Sasa legeza," kine akasema.

Kuku alibaki paani. Nikashusha pumzi, nikafumba macho, wapi. Mama akaniinamia. "Kaza zaidi, pengine atashuka."

Kine akacheka kidogo. "Mama, huyu mutoto anajua kukaza kupita siye bakubwa. Kulegeza njo hajui. Akienda choo, mukojo hautoki wote. Ile inabaki, inatoka akilala. Nani alimufundisha kukaza hivi?"

Nilijibu mimi, tena kwa majivuno, kwamba ni mama. Wakati wa vita choo chetu kilikuwa nyuma ya migomba, na jirani mmoja alitoka gizani kwenda chooni, risasi ikamkuta hukohuko. Tangu hapo mama alituambia tukaze mpaka kuche, na kati ya ndugu zangu wote hakuna aliyenishinda. Vita viliisha, miye nikaendelea kukaza.

Mama akanishika mkono. "Legeza, mama wangu. Amani iko sasa." Alisema hivyo macho yake yakiwa mlangoni. Kuku akatikisika tu.

Tulirudi msimu mzima wa mvua. Kine aliagiza ninywe maji mchana kutwa, shangazi akanuna wiki nzima, nami nilifurahi sana kumwona amenuna. Hata leo ninatamani asubuhi zile: matope ya Ngezi kwenye viatu, karanga tulizokula getini tukingoja zamu, bega la mama likinigusa. Siku kuku aliposhuka akadonoa mahindi, mama alilia, kine naye akajifanya anapanga waya zake.

Nilienda interna. Siku ya kwanza ya kutembelewa, mama alikuja na samaki wa kukaanga ndani ya kikapu, tukakaa kwenye benchi la uani.

"Unalala muzuri?" akauliza.

"Muzuri, mama. Naamuka mukavu kila siku."

Akamshukuru Mungu, akanifuta vumbi usoni kwa ncha ya kitenge. Macho yake yalikuwa mekundu, basi nikamuuliza naye kama analala vizuri.

"Miye bado," akasema, akaanza kunitolea samaki miiba.