Mazutu ya Mama Dorine Ilienda Wapi

“Tapika mazutu yangu!” Mama Dorine alikuwa anapiga kelele, mikono ku kiuno. “Itapike hapa, Kambo anaangalia, litre kwa litre!”

“Nitapike nini, weye bowa ya kuoza?” Chishimba alimujibu toka chini ya bisi. Tuliona viatu vyake tu. “Miye nakunywaka munkoyo ya mahindi. Mazutu inaharibishaka sauti ya kuimba.”

“Bidon muzima ya mafuta ya bisi, litre makumi mbili na tano! Jioni hapa Kasungami niliimwaga mu tanki, imejaa mpaka mu shingo, kesho yake bisi ikakufa mu njia, Kasumbalesa haiyaonekana. Bukari mu sufuria, bashofere ba camion banatungojea na njala! Nani aliinyonya? Bisi inalalaka mu lupango, mu kiwanja ya nyumba yako, hailalake kwa askofu.”

“Kamoteri njo kalikunywa.”

“Kamoteri! Laurent, mutoto ya dada yangu, iko na diplome, alisema moteri mudogo inakunywaka kidogo. Hata mutoto mwenye haanze masomo anajua: tumbo mudogo, sahani mudogo.”

Miye Kambo, bibi yao muzee, nilikuwa nimekaa ku kiti kimoya cha bisi chenye walitoa inje, namenya karanga. Nilicheka mpaka karanga moya ilipotea mu pua. Lakini jua lilikuwa linapanda, na saa sita ilikuwa na kazi yake ile siku.

Nikuambie. Hii bisi ilikuwa ya masomo, ya manjano, ilibebaka batoto ba bazungu kule mbali, na pua murefu sawa ya nguruwe. Ilifika kwetu moteri imekufa. Mama Dorine alitoa viti vyote, akaweka mbabula tatu za kupikia, meza, na pipa mukubwa ya mayi. Njo restora yake. Anaipeleka Kasumbalesa, ku foleni ya camion karibu na mupaka, anauzia bashofere bukari ya bunga ya mahindi na sombe ya majani ya muhogo. Foleni ikisogea, naye anasogea. Toka Pierre, bwana yake, alikufa, hana shamba ingine.

Moteri zilikuwa mbili. Kamoya ka silindre ine, kalitoka mu minibus, njo kale Laurent alisifu na diplome yake, na njo kenye kalikuwa mu bisi. Ingine ya silindre sita, ilitoka mu camion ya kubeba bunga, mali ya Alphonse. Ilikuwa inalala mu lupango ya Chishimba juu ya mipira tatu za motoka, sawa chifu mwenye amelewa. Bei walisha kusikilizana. Ilibakia Mama Dorine aseme “ndiyo” tu. Na ile siku njo ilikuwa ya mwisho: saa sita Alphonse anakuya kuikamata, kuna mutu wa Bel-Air anaitaka.

Chishimba, fundi ya bisi, alimuambia toka mwanzo: weka mukubwa. Alimuambia mara tatu. Shida ni moya: nani ataamini Chishimba?

Ule mutu, miye njo nilimukamata wakati anazaliwa. Mama yake alimuzala juu ya magunia ya mahindi, mu camion yenye iliharibika mu njia. Batoto bengine banalia “nga, nga”. Yeye alilia “vrrr”, na camion ikawaka yenyewe. Kama unasema nadanganya, kaulize ile camion. Hakukaa ku masomo hata muaka mbili. Alikuwa anasikia motoka inapita inje na anamuambia mwalimu, “Ile frein ya kusimamisha motoka itakufa kesho,” na kesho inakufa, mpaka mwalimu akamufukuza kama mulozi. Sasa iko na mvi. Anaweka turnevisi, bisibisi yake, ku moteri, mukono ya turnevisi anaiweka ku sikio, anafunga macho, na anakuambia mambo ya ile moteri mpaka zambi zake. Siku moya alisikiliza motoka ya pasteur mumoya, akamuambia, “Hii motoka inaendaka kwa mwanamuke mwenye nyumba yake iko ku mupando, ku kilima.” Pasteur alilipa mbiyo-mbiyo na hakurudia tena.

Lakini Chishimba iko mwina Mvula, wa ukoo ya mvula, na Mama Dorine iko mwina Bowa, wa ukoo ya uyoga. Mvula na bowa ni banungwe, bantu ba utani, toka bakambo ba bakambo: bila mvula, bowa haioti, bila bowa, mvula inanyesha bure. Munungwe anakutukana, anakamata kuku yako mbele ya macho yako, na weye unapashwa kucheka. Ukikasirika, njo weye uko na makosa. Ku kilio ya Pierre, Chishimba alikalia sanduku ya maiti. Bantu bote tuko ku makaburi, pasteur iko na Biblia wazi, yeye amekaa juu ya sanduku na anatikisa miguu: “Huyu hazikwi mpaka munipe viatu vyake.” Walimupa. Akavaa palepale, kiisha akaingia mu shimo wa kwanza, akamuzika Pierre na mikono yake, na machozi yalikuwa yanamutoka mpaka mu mudomo. Vile viatu njo tuliona chini ya bisi.

Sasa mutu sawa huyu, wa kuiba kuku na kucheka, akikuambia neno ya kweli juu ya moteri, utaisikia namna gani? Mama Dorine alicheka mara tatu. Na wakati mazutu ilipotea, hakutafuta mbali.

“Sikia,” alisema sasa, na sauti yake ilishuka. “Kuku, kamata. Viatu vya Pierre, vaa. Lakini mazutu ni tumbo yangu. Hii si bunungwe tena. Weye uko mwizi. Mwizi wa kweli.”

Viatu vilianza kusogea.

Kiisha Chishimba alitoka chini ya bisi. Alipanguza mikono. Akapiga magoti mbele yake mu vumbi, akapiga makofi pole-pole, sawa vile tunasalimiaka bakwe, na akasema:

“Mama Dorine. Nakuheshimu, mama.”

Yesu! Hata miye niliacha karanga. Mama Dorine alirudi nyuma, akashika mulango ya bisi.

“Nani amekufa?” aliuliza. “Kambo, nani amekufa? Munanificha nini?”

“Hakuna mutu amekufa, mama.”

“Basi uniite bowa ya kuoza! Simama! Unanitisha!”

“Sitasimama. Na sitakutukana tena mpaka uone mazutu inaenda wapi, na macho yako mwenyewe.”

Alikamata bidon mudogo, ya litre tano, nyeupe, yenye unaona ndani. Aliingiza tupipe tubili: kamoya ka kupeleka mazutu ku moteri, kengine ka kurudisha yenye ilibakia. Akafunga kabisa tanki. Bidon akaniwekea miye ku magoti, ndani ya bisi, karibu na mbabula.

“Kambo ataangalia,” alisema. “Nikinyonya, atanipiga.”

“Nitakupiga hata bila kunyonya,” nilimujibu.

Mama Dorine alipigia Laurent simu. Laurent iko mu biro kule centre-ville, alisema bila kufikiri: litre tano, kilometa makumi tatu, bila shaka. Tukatoka ku barabara ya Kasumbalesa, pipa ya mayi imejaa, magunia ya bunga yako ndani, sufuria zinagongana. Mama Dorine iko mbele yangu, macho ku bidon, hakufumba hata mara moya. Chishimba anaendesha. Kale kamoteri kalikuwa kanalia! Kanalia sawa mbuzi ya Noeli. Vitesse ya ine, ile gia ya mbio, ilikataa; akiiweka tu, bisi inakufa nguvu, anarudi ku ya tatu, ku kamupando anarudi ku ya pili, na guu yake haitoki chini. Na mazutu mu magoti yangu inashuka, inashuka, nilisikia hata baridi yake inanikimbia.

Tulikwenda kilometa saba, tukageuka. Tuliona miti ya Kasungami, bidon ikasema “klok”, na bisi ikasimama. Kumi na ine. Si makumi tatu: kumi na ine.

Mama Dorine alikamata bidon, akaigeuza, akaangalia chini yake, akanisimamisha akatafuta mu nguo yangu ya kikwembe. Njo heshima banayo kwa bazee. Hakukuwa kitu. Kiisha alikaa ku magunia ya bunga mpaka bantu ba pusu-pusu, bale ba mukokoteni, walituletea mazutu ingine.

Tuliporudi ku lupango, njo alianza tena, lakini mupole.

“Kambo, inawezekana namna gani? Mudogo anakunywa kupita mukubwa?”

“Umesahau bale bababa ba makala?” nilimuuliza. Zamani nilikamata bawili waniletee makala na kinga, baiskeli ya kusukuma. Mumoya mwembamba sawa fimbo ya kupikia, mwingine munene, mabega sawa mulango. Nilichagua mwembamba, nikasema huyu atakunywa munkoyo kidogo. Gunia sita juu ya kinga yake! Ku kila kamupando alisimama, macho yanatoka, anakunywa. Alimaliza ndoo muzima mbele ya kufika, na ndoo ya jirani, na akaangalia kisima na jicho mubaya. Ule munene alisukuma gunia sita zake pole-pole, anapiga muluzi, alifika, akaomba kikombe kimoya. Na kile kikombe hakukimaliza, alinipa nusu.

“Nusu, Kambo?” Mama Dorine alisema.

“Nusu. Na alinishukuru.”

“Ni vile, mama,” Chishimba alisema. Alikuwa bado na ile heshima yake ya kutisha. “Kamoteri si kabaya. Mu minibus kanakunywaka kidogo kweli. Lakini hii bisi ni nzito, kanapiga kelele njia yote, mu vitesse ya chini. Mukubwa itaenda mu vitesse ya mwisho, inanong’ona tu.”

“Basi kama mukubwa inakunywa kidogo, niwekee ya ile makamion ya mine, ya kubeba mawe ya shaba, yenye mipira inapita nyumba!”

“Apana, mama. Ile itakuwa jitu lenye linabeba kijiko. Itakula bure. Moteri inafuata muzigo. Na hata hii ya silindre sita, ukifika ku foleni, uzime. Ukiiacha inaunguruma na weye unapika sombe, itakukulia faida, na utakuya tena kuniita mwizi.”

Ile neno ilibakia kati yao. Mama Dorine aliangalia bidon ya litre tano, kiisha viatu vya Pierre.

“Chishimba,” alianza, “ile neno nilikuitia asubui...”

Mulango ya lupango ililia. Alphonse aliingia, na nyuma yake bantu bane na chuma murefu na minyororo ya kubebea.

“Saa sita,” alisema. “Nimekuya kukamata yangu.”

Chishimba aliinamisha kichwa, akaanza kupanguza turnevisi yenye ilikuwa haina buchafu. Mama Dorine alisimama, akafunga kikwembe yake muzuri. Akapita katikati ya bale bane na minyororo yao, pole-pole, akafika ku moteri mukubwa, akageuka, akaikalia na matako yote mbili, na akaanza kutikisa miguu.