Mapovu ya Baba

Jongoo wa baharini akichemshwa hunuka vibaya, na harufu ile ndiyo iliyotulisha. Mwaka niliotimiza miaka kumi, ufuo wetu wa Msambweni ulijaa masufuria meusi na moshi, nami nilikwenda madrasa nikinuka hivyo hivyo, wenzangu wakinicheka. Baba alikuwa mzamiaji. Alishuka na mtungi wa hewa mgongoni kuwaokota jongoo chini kabisa, na juu mdogo wake, Ami Hamisi, alipiga makasia akiyafuata mapovu yake. Likizo ile, ingawa ni msichana, nililia hadi wakanichukua, kazi yangu kukumba maji yaliyoingia chomboni. Ami alinipa na kazi nyingine ya siri. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na hakutaka kakaye ajue. Nikaapa kumtazamia mapovu.

Baba alikuwa amekwisha kunifunza. Pumzi ikitoka chini, alisema, huja povu moja kubwa, limebonyea kama sahani, linatetemeka, kisha linakatika mara mbili, mara nne, hadi juu. Mwenye hofu hupumua sana, mapovu yake makubwa. Aliyetulia huibana hewa, mapovu yake madogo. Wazamiaji wa kwetu walisifiana kwa udogo wa mapovu, na baba alisifiwa kuliko wote. Nilijivunia sifa hiyo kana kwamba ni yangu. Mapovu yakiwa makubwa, ami alipaswa kuteremsha kamba yenye jiwe, baba aishike apande polepole.

Asubuhi moja tulifika kwenye mlango wa mwamba, upande wa kisiwa cha Chale, ambako maji yakitoka huvutana na kuzunguka. Baba akashuka. Baada ya muda mapovu yakaja mengi, meupe.

"Yakoje, mama?" ami akaninong'oneza.

"Madogo, ami. Madogo kama dengu."

"Alhamdulillahi. Ametulia huyo."

Hakuteremsha kamba. Ambacho sikukijua, na labda baba naye hakukijua, ni kwamba maji yenye vurugu hulikamata povu lenyewe: hulivuta huku, hulisukuma kule, likarefuka, likakatika, hata pumzi nzito ya mtu anayepigania roho ikafika juu imesagika. Baba yangu alikuwa akihangaika chini, nami juu namsifu. Aliibuka kwa kishindo, hewa imemwishia, damu puani. Kufikia alasiri, kwa kule kupanda ghafla, miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, na haikupona tena.

Baba alimlaumu nduguye kwa kutoteremsha kamba. Ami Hamisi hakunitaja. Kwa miaka ishirini nyumba mbili za ua mmoja hazikuamkiana, hata sikukuu ya Idi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Msemo huo naujua tangu utotoni, na bado sikufumbua mdomo. Niliogopa kupoteza mapenzi ya baba. Huo ndio ukweli.

Siku hizi wageni wa Diani huzamia na saa za mkononi zinazowaonyesha hewa iliyobaki, na hakuna mtoto anayeulizwa chochote. Nafurahi kwa ajili yao, na nawaonea wivu. Ami alifariki mwezi uliopita. Baba alikataa kupelekwa mazikoni. Baada ya hitima nilikaa kando ya kitanda chake, nikamweleza kwamba ami alikuwa haoni vizuri, na aliyeyatazama mapovu siku ile ni mimi.

"Mwanangu," akasema, "mbona hukuniambia mapema, nikabebwa nikamzike ndugu yangu?"